Kabla ya dripu ya kulinda mifupa kwa aliyeumia uti wa mgongo

Mifupa ya miguu iliyopooza huanza kulika wiki chache tu baada ya ajali, hasa karibu na magoti, na mwaka wa kwanza ndio mbaya zaidi. Kwa hiyo suala la dawa liulizwe mgonjwa akiwa bado wodini. Inayotumika sana ni zoledroneti, miligramu 5 kwa dripu, mara moja kwa mwaka.

Figo zipimwe kwanza, na hapa pana mtego. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa kujua hali ya figo, hutoka kwenye misuli. Misuli ikikonda, majibu ya maabara hupendeza hata figo zikiwa zimechoka. Uliza kama kipimo cha sistatini C, kisichotegemea sana misuli, kinapatikana. Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, dawa hii haitolewi.

Kalisiamu na vitamini D zipimwe pia. Vitamini D ikiwa pungufu ijazwe kabla, maana dawa huzuia kalisiamu kutoka mfupani na ile ya kwenye damu inaweza kushuka mpaka midomo ikafa ganzi na misuli ikakakamaa. Usijinunulie vidonge vya kalisiamu: miezi ya mwanzo damu inaweza kuwa nayo tele, hasa kwa vijana, na mawe ya figo hayako mbali.

Jino bovu ling'olewe mapema, kidonda kipone kabisa. Mfupa wa taya ukishapata dawa unaweza kugoma kupona.

Siku ya dripu, mgonjwa awe amekunywa maji ya kutosha, na dawa isiingie kwa chini ya dakika 15. Maji hayo yataishia kibofuni, kwa hiyo anayejitoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 4 hadi 6 ajitoe mapema zaidi. Aliyeumia pingili ya sita ya kifua au juu yake, kibofu kikijaa presha hupanda ghafla, kichwa kinagonga, uso unatoka jasho.

Homa na mwili kuuma ndani ya siku 3 ni kawaida, parasetamoli inatosha. Ila penye malaria, pima usikisie, na mkojo ukiwa mchafu nao upimwe.

Wengine hupewa vidonge vya alendroneti, miligramu 70 kwa wiki: tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha kukaa wima dakika 30. Asiyeweza kukaa wima asivimeze, vitamchoma umio. Sindano ya denosumabu ni ya kila miezi 6, na ukiiacha bila dawa nyingine mifupa hulika kwa kasi upya. Jua itakapotoka ya pili kabla hujachomwa ya kwanza.

Dripu hulinda nyonga kuliko goti. Goti likivimba na kupata joto baada ya kuhamishwa kitandani, huenda mfupa umevunjika: lipigwe eksirei hata kama haliumi.