Somo: Kumfundisha Kiingereza mtu mzima aliyetoka nchi nyingine

Somo hili ni la walimu wenzangu wa madarasa ya jioni hapa Nairobi, hasa Eastleigh, Kayole na Kasarani, ambako Msomali, Mwethiopia na Mkongomani huketi benchi moja. Ombi langu ni moja: kabla hujamsahihisha mwanafunzi, jua kosa lake limetoka wapi.

Hatua ya kwanza: mjue kabla ya kumpima. Siku ya kwanza usitoe mtihani. Keti na kila mmoja dakika chache, kwa Kiswahili ikiwa anakijua, umuulize amesoma kwa lugha gani na Kiingereza anakihitaji wapi. Aliyesoma kwa Kiamhari amezoea maandishi yasiyo na herufi kubwa na ndogo. Aliyesoma Kiarabu amezoea kuandika kutoka kulia. Kisomali nacho kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Wote hawa wanajua kusoma, na kumpa yeyote kati yao kitabu cha chekechea ni kumvunjia heshima.

Hatua ya pili: majina. Msomali na Mwethiopia kwa desturi hutaja jina lake, la baba, kisha la babu, na mke habadilishi jina anapoolewa. Fomu ya Kiingereza inapodai jina la ukoo, hukwama. Mfundishe kufuata mpangilio ulio kwenye kitambulisho chake, auandike vivyo hivyo kila mahali.

Hatua ya tatu: saa. Hapa nawasihi msiharakishe. Mwethiopia huhesabu saa tangu asubuhi kama sisi Waswahili, kwa hiyo saa mbili yake ni saa mbili yetu, ilhali Mwingereza huiita "eight o'clock". Mama mmoja niliyemfundisha aliambiwa kwa Kiingereza afike kliniki "at two". Akafika saa mbili asubuhi na mtoto mgongoni, akangoja hadi saa nane mchana bila mtu wa kumweleza. Tangu siku hiyo huchora saa kubwa ubaoni na kuwaonyesha kwamba mkono mfupi ukielekea 8, saa ya Kiswahili ni namba inayotazamana nayo, yaani 2; ukielekea 11, ni 5. Kila mwanafunzi huja mbele, huweka kidole kwenye namba, husoma saa kwa Kiingereza, kisha huvusha kidole hadi upande wa pili na kuisoma kwa lugha yake. Tumieni kipindi kizima kwa jambo hili, hata viwili.

Hatua ya nne: matamshi. Kisomali hakina sauti ya p wala v, ndiyo maana "park" hutoka kama "bark". Mpe mwanafunzi kipande cha karatasi nyembamba akishike mbele ya midomo: akitamka p vizuri mwanzoni mwa neno, karatasi hupepea, akitamka b, hutulia. Mkongomani aliyesomea Kifaransa huiacha h, na anayetaka kusema "I am hungry" husikika akisema "I am angry". Mfanyishe mazoezi ya kupumulia kiganja.

Hatua ya tano: ukimya na ishara. Waethiopia wengi huitikia "ndiyo" kwa kuvuta pumzi ghafla. Hilo si mshtuko. Anayeinamisha macho mbele ya mwalimu huenda anakuheshimu. Na unapofundisha wakati uliopita, usimwambie mtu asimulie safari iliyomleta Nairobi, kwa sababu hujui alichokiacha njiani. Mwulize alinunua nini jana sokoni.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, niruhusu Kiswahili darasani?
Ndiyo, kwa kueleza maana ya neno au zoezi, kwani dakika moja ya Kiswahili huokoa kumi za kukisia. Lakini angalia kwanza kama wote wanakifahamu. Asiyekijua ataachwa nyuma mara mbili.

Wanafunzi wangu kadhaa hutoka katikati ya kipindi kuswali magharibi. Nifanyeje, mwalimu?
Weka mapumziko wakati huo. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la Nairobi huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo ratiba haitakusumbua. Mwezi wa Ramadhani, ni vyema kuhamishia kipindi asubuhi.

Nina mzee ambaye hunyamaza kabisa nikimsahihisha mbele ya vijana. Shikamoo yangu humpendeza, lakini masahihisho hapana.
Marahaba yake ina maana kwamba mlango uko wazi. Usimkatize. Akisema "Yesterday I go to the market", mjibu kwa kuendeleza mazungumzo: "You went to the market? What did you buy?" Ataisikia "went" bila kuaibishwa. Makosa mengine yaandike kwenye daftari lake kwa kalamu ya risasi, umrudishie darasa likiisha.