Elewa jeki ya mafuta kwa sirinji mbili tu

Juzi binti wa dada yangu, yupo form two, alikuja gereji na swali la fizikia la jeki ya mafuta, tukakaa nalo kuanzia saa nane mchana mpaka giza linaingia. Kanuni anaijua kwa kichwa kabisa, presha ni kani gawanya kwa eneo, ila majibu yakawa yanakataa. Mwisho nikaacha karatasi nikatafuta sirinji. Nawaandikia tulivyofanya maana najua hayuko peke yake.

Tafuta sirinji ya ml 5, nyingine ya ml 20, kipande cha mpira wa dripu, rula na beseni la maji. Sindano usizitumie. Kuna watu wanaweka mipira milaini sana, mimi siipendi, ukisukuma inatanuka kama puto na nguvu yako inaishia humo.

Hatua ya 1. Zamisha kila kitu kwenye beseni, jaza sirinji ndogo na mpira, kubwa isukume mpaka mwisho, halafu unganisha humohumo majini. Kusiwe na hewa hata povu moja. Hewa inabanika, maji hayabaniki kirahisi, ndo maana jeki ikiingia hewa unapampu weee inabonyea tu, gari limekaa palepale.

Hatua ya 2. Eneo. Hapa ndo masaa yetu yalipotelea. Aliniambia "anko, 20 gawanya kwa 5 si nne, basi kubwa ina nguvu mara nne". Hapana. Ml ni ujazo, na ujazo una urefu ndani yake, sisi tunataka eneo la kile kiraba kinachosukuma. Njia rahisi ni hii, ml 1 ni sawa na sentimita moja ya ujazo, kwahiyo pima kwa rula kutoka alama ya 0 mpaka ya mwisho kisha gawanya. Ndogo yetu ilikuwa ml 5 kwenye sm 4, eneo ni 1.25. Kubwa ml 20 kwenye sm 6.4, eneo 3.125, zote sentimita za mraba. Gawanya, unapata 2.5 na sio 4. Za kwako zitatofautiana kidogo, pima usinakili zangu.

Swali likikupa kipenyo badala ya eneo, mtego ni mwingine tena. Pistoni (kile kinachosukumwa ndani ya silinda) ya sm 2 na ya sm 10, kipenyo kimezidi mara 5 lakini eneo limezidi mara 25, maana kipenyo unakizidisha chenyewe kwa chenyewe. Na ukitaka jibu la presha kwa paskali, yaani nyutoni kwa kila mita ya mraba, geuza kwanza eneo, mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, sio 100! Hii 100 imewaangusha wengi kwenye mtihani.

Hatua ya 3. Mmoja ashike ndogo, mwingine kubwa, sukumaneni. Binti alinishinda kwa kidole kimoja. Presha ni ileile pande zote mbili, ila upande wangu inasukuma eneo kubwa zaidi, kwahiyo kani inayonijia ni kubwa. Hicho ndo alichokieleza Mfaransa Blaise Pascal miaka ya 1600.

Hatua ya 4. Angalia mwendo. Ndogo ikiingia sm 4 zote, kubwa inatoka sm 1.6 tu. Ulichopata kwenye nguvu umekilipa kwenye umbali.

Hatua ya 5. Sasa njoo kwenye jeki yenyewe. Tuseme pistoni ndogo ina kipenyo cha mm 10 na kubwa mm 30, hiyo ni mara 9. Mkono wa jeki nao ni wenzo, tuseme unaongeza mara 10, jumla mara 90. Ukikandamiza kama unabeba kilo 20, juu kuna nguvu ya kunyanyua kilo 1,800, ukiacha msuguano. Presha humo ndani inafika kama ba 255 (ba ni kipimo cha presha), wakati tairi la gari dogo lina ba 2 na kitu. Na presha yote hiyo inazuiwa na sili na vali ndogo tu, kwahiyo gari likishapanda weka stendi ya kushikilia gari kwanza ndo uingie chini.