Umeshatolewa uvimbe wa titi, sasa kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa, ndiyo au la?

Usijibu kabla hujashika ripoti ya maabara ya kile kinyama. Khalati yangu wa Mkomani, Lamu, alikuwa keshaanza kununua mitandio ya kuficha kichwa maana jirani kamwambia mwenye kansa yeyote lazima kemo, kumbe karatasi hata haijatoka.

Ikitoka, isome na daktari wa kansa: uvimbe sentimita ngapi, gredi gani (yaani seli zake ni kali kiasi gani), tezi ngapi za kwapani zimeingiwa na kansa, halafu ER na PR (kama kansa yakuzwa na homoni) na HER2 (protini inayoichochea ikue), hizo ndo zinaamua mengi. Zote tatu zikiwa negativu, dawa za homoni hazikufai, kwa hivyo mara nyingi utaambiwa kemo hata uvimbe ukiwa mdogo. HER2 pozitivu ina sindano yake, trastuzumab, na kwa kawaida huenda na kemo. Penye kuumiza kichwa ni ER pozitivu, HER2 negativu na tezi safi, hapo tembe za homoni za miaka 5 au zaidi ndizo zinazofanya kazi kubwa na kemo yaweza kuongeza kidogo sana ama isiongeze kitu. Kuna kipimo cha jeni za uvimbe, Oncotype DX, cha kuonyesha kama kemo itasaidia, lakini bei yake ni maelfu ya dola, wengi wetu hatukiwezi. Mwombe daktari afungue PREDICT kwenye simu, kikokotoo cha kukadiria faida ya kila tiba, ni bure.

Kisha muulize hivihivi: "Wanawake 100 kama mimi, miaka 10 ijayo, kemo itaokoa wangapi ambao tembe peke yake hazingewaokoa?" Khalati akaambiwa 2. Akanyamaza, akafunga buibui vizuri, akauliza, "Na hao 98?" Daktari akasema wengi wao wangeishi hata bila kemo, na wachache hata kemo isingewaokoa.

Nywele hurudi, kutapika kuna dawa, lakini ganzi ya vidole yaweza kukaa sana, na kama bado wataka kuzaa sema kabla ya kuanza. Wa Lamu ahesabu na safari, boti mpaka Mokowe halafu basi hadi Mombasa, kila wiki 3, mara 4 au zaidi. Na homa ikifika 38 ukiwa kwenye kemo ni hospitali saa hiyohiyo, si panadol ulale, kwa hivyo jua mapema nani atakupeleka saa nane za usiku.

Ila usifikirie miezi, ukipitisha 3 tangu opresheni faida inapungua. Khalati alichukua siku 5, akakataa, sasa yuwameza tamoxifen, tembe yake ya homoni, kila baada ya magharibi. Shoga yake wa Malindi tezi 4 zilikuwa zimeingiwa, naye kemo alimaliza zote.