Menopozi hapa Mombasa: vile utatafuta dawa ya homoni na kuinunua bila kubahatisha

Kila nikienda harusini siku hizi lazima kuna shoga atanivuta pembeni aniulize, wewe lile joto lako la hedhi kukatika ulilituliza na nini? Maana walinijua nilivyokuwa, Februari ya Mombasa na stima imepotea, usiku nabadilisha leso mara tatu, shuka ukiikamua yatoka maji, mchana niko dukani naongea na mteja ghafla uso wawaka kama nimeinamia jiko la makaa. Dawa ipo jamani, ni homoni, na kwangu mimi imefanya kazi. Lakini kuipata hapa mjini ndio kazi kwenyewe, kwa hivyo naandika yote niliyojifunza miaka hii mitatu, ya kwa daktari, ya chemisti na hata ya huko mbali dawa zinakotengenezwa, kwa sababu usipojua hili soko linavyokwenda utanunua kitu sicho, ama utalipa mara mbili, ama siku moja utazunguka mji mzima uambiwe haipo.

Mwanzo kabisa ni daktari, tena daktari wa wanawake. Coast General kule Makadara wako, na hospitali za private pia wako, chagua kulingana na mfuko wako. Usiende mikono mitupu. Andika kwa simu mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini, kama umewahi kutolewa kizazi, kama wewe umewahi kuugua saratani ya matiti na kama mama au dada ameugua, kama umewahi kuganda damu mguuni, kupata stroki, shida ya moyo au ini, na presha yako iko ngapi. Haya ndiyo yanaamua kama homoni ni zako au la, na yakikosa kusemwa daktari anabahatisha. Ukiwa na damu inatoka na haijulikani kwa nini, hiyo inachunguzwa kwanza kabla ya dawa yoyote. Na usikae ukisubiri ati itapita yenyewe, kwa sababu wataalamu wanasema faida inazidi hatari hasa kwa anayeanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikatike. Na kama hedhi imekatika hujafika 40, hiyo sio ya kungoja hata kidogo, nenda.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, hata kama mengine yote mtayasahau. Mwenye kizazi hatumii istrojeni peke yake. Istrojeni ndiyo inatuliza joto, lakini pia inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na ukiiacha ifanye hivyo bila homoni ya pili, projesteroni, ya kuizuia ukuta unaweza kugeuka saratani. Hili limejulikana tangu 1975 Marekani, utafiti ulipoonyesha waliokuwa wanameza istrojeni tupu wanapata saratani ya kizazi zaidi ya wengine. Aliyetolewa kizazi yeye kwa kawaida anapewa istrojeni peke yake na ni sawa.

Mimi nililijua hili kwa njia mbaya. Kabla sijaenda kwa daktari niliingia duka moja la dawa, jina silitaji, nikamweleza kijana joto langu, akafungua droo akatoa strip ya vidonge akaikata kwa mkasi, vidonge kumi na nne, akatia kwenye bahasha ya kaki akaandika juu "1x1" basi. Hakuna jina, hakuna boksi, hakuna ekspaya, hakuniuliza kizazi changu kiko ama hakiko. Nikawa narudi pale pale kila wiki mbili na kwa kweli joto lilipungua, nikamsifu yule kijana mpaka kwa majirani. Mwezi wa nne damu ikatoka, mimi niliyekuwa nimekaa mwaka na nusu sijaona kitu. Skani ikaonyesha ukuta umenenepa, wakachukua kinyama kidogo kwenda kupima, na zile siku tisa za kungoja majibu siwezi kumtakia mtu. Alhamdulillahi yalikuwa mazuri. Daktari akaomba nimuonyeshe dawa niliyokuwa nakula, nikatoa ile bahasha, akaigeuza huku na huku, hakuna kilichoandikwa cha kusoma.

Ndio maana nasema jifunze jina la dawa yenyewe, sio jina la boksi. Ukishajua hilo hakuna wa kukuuzia bahasha. Istrojeni utakayokutana nayo mara nyingi ni estradioli, kwa boksi utaona haina ile "i" ya mwisho, na jina hilo huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Progynova ya Bayer, Ujerumani, ndani yake ni estradioli. Estrofem ya Novo Nordisk, hao hao wa Denmark wanaotengeneza insulini, ni estradioli pia. Femoston ni estradioli na mwenzake wa upande wa projesteroni ndani ya paketi moja. Kwa upande wa projesteroni kuna ile inayofanana kabisa na ya mwili, kama Utrogestan, na kuna za kutengenezwa kama medroksiprojesteroni, ambayo wengi wetu tunaijua bila kujua kuwa tunaijua, kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya depo, ile sindano ya miezi mitatu. Kwa hivyo ukiambiwa dawa fulani hakuna, usiulize "kuna nyingine?", uliza "kuna estradioli ya miligramu hizi ya kampuni nyingine?" Swali hilo linabadilisha hata anavyokujibu.

Premarin nayo ni ya zamani sana, iko sokoni Marekani tangu 1942, sasa ni ya Pfizer. Istrojeni yake inatolewa kwenye mkojo wa farasi wa kike wenye mimba, na jina lenyewe limekatwakatwa kutoka maneno ya Kiingereza ya mimba, farasi jike na mkojo. Nasema hivi kwa sababu Waislamu wenzangu wengi wangependa kujua na hakuna anayewaambia. Estradioli ya siku hizi kwa kawaida inatengenezwa kiwandani kuanzia mimea. Vidonge vya maganda laini navyo huwa na jelatini, kwa hivyo ukiwa na wasiwasi muulize mfamasia imetoka kwa mnyama gani, kisha muulize sheikh wako, usikatize dawa kimya kimya.

Na hapo kwa mimea ndipo watu wanalizwa pesa. Miaka ya 1940 mwanakemia wa Marekani Russell Marker aligundua kuwa viazi vikuu vya mwitu vya Mexico vina kitu kinachoweza kugeuzwa projesteroni, na kampuni ya Syntex ikaanzwa huko huko Mexico 1944. Kweli kabisa. Lakini mgeuzo huo unafanywa maabara, mwili wako hauwezi kuufanya. Sasa mtu akikuuzia kwa simu krimu ya viazi vikuu ati inaleta homoni, ujue haileti, na mbaya zaidi unaweza kudhani una projesteroni ya kulinda kizazi na huna.

Kwa nini basi hizi dawa ni ghali na zinapotea? Mwaka 2002 utafiti mkubwa Marekani, wanawake 16,608 wenye kizazi wakitumia istrojeni ya farasi pamoja na medroksiprojesteroni, ulisimamishwa kabla ya wakati. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka walionekana wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya matiti kuliko wasiotumia, na kuganda damu na stroki nazo zikaongezeka. Dunia nzima ikaogopa, mauzo yakaanguka, na madaktari wengi waliosoma miaka ile bado wana hofu hiyo mpaka leo, unaweza kukutana naye hapa hapa mjini akakwambia vumilia tu mama ni umri. Lakini wale wanawake wastani wao ulikuwa miaka 63, sio sisi wa 50. Baadaye ikaeleweka umri wa kuanza na aina ya dawa ni muhimu, na kuwa ya kupaka au kubandika kwenye ngozi haiongezi kuganda kwa damu kama ya kumeza. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatangaza inaondoa mengi ya yale maonyo makubwa yanayoandikwa ndani ya kisanduku kwenye karatasi ya dawa, lakini la saratani ya kizazi kwa istrojeni tupu likabaki. Mnaona? Ni lile lile la bahasha ya kaki.

Hofu ilipopungua wanunuzi wakajaa na viwanda havikuwa tayari. 2022 Uingereza jeli ya estradioli iliadimika mpaka wakawekewa kikomo cha miezi mitatu kwa kila mtu. Sasa fikiria, ikiwa London wanapangiwa, sisi tunaonunua vijiboksi vichache tutasimama wapi kwenye foleni? Tena dawa nyingi kati ya hizi zinatoka nje, kwa hivyo bei inafuata dola. Mapema 2024 dola ilipita shilingi 160, baadaye ikarudi karibu 129, na ukiwa unalipa mfukoni kila mwezi unayahisi hayo.

Jambo moja linaniuma. Vipandikizi vya uzazi wa mpango pia ni homoni. Mwaka 2013 Jadelle ya Bayer ilishuka kutoka dola 18 hadi 8.50 kwa nchi kama zetu, kwa sababu wafadhili walikaa chini wakaihakikishia kampuni kuwa mzigo mkubwa utanunuliwa. Kwa hivyo njia inajulikana. Mwanamke akiwa anazaa kuna watu wanapiga hesabu ili apate homoni yake kwa bei nafuu, akishamaliza kuzaa anaachiwa ajitafutie mwenyewe na mkasi wa yule kijana. Serikali yetu na kaunti zetu zingeweza kununua kwa pamoja, na sisi tuwaulize, kila mkutano wa afya tuulize.

Mpaka hapo litakapofanyika, nunua hivi. Mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe na nguvu yake, upige picha ile karatasi. Piga simu chemisti tatu nne kabla hujapanda tuktuk, mimi niliwahi kutajiwa dawa ile ile kampuni ile ile bei karibu mara mbili, moja upande wa Nyali na moja mjini karibu na Digo Road. Ukifika angalia ukutani leseni ya Pharmacy and Poisons Board ya mwaka huu. Taka boksi zima lililofungwa na karatasi ya ndani, soma ekspaya, chukua risiti. Agiza ikibaki ya mwezi mmoja, usingoje kidonge cha mwisho. Ukikosa jeli usijibadilishie mwenyewe ukameza vidonge, mpigie daktari, vipimo havilingani.

Nyumbani joto letu ndilo adui. Soma boksi linasema chini ya digrii ngapi, mengi ni 25 au 30, kwa hivyo sio juu ya friji, sio kwenye gari, sio dirisha la jikoni, weka kabati ya chini chumba chenye hewa. Plasta ya homoni inabandikwa chini ya kiuno au makalioni, kamwe sio kwenye titi, kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta ya nazi wala liwa. Dadangu yake ilibanduka feri ya Likoni akaiona imeganda kwenye dera, alikuwa ameibandika dakika mbili baada ya kuoga na bado anatoka jasho. Sasa anakaa mbele ya feni kwanza mpaka akauke, na haijabanduka tena. Jeli nayo iache ikauke kabla ya kubeba mjukuu.

Kuhusu Ramadhani na swala, muulize daktari kama dawa yako ni ya mzunguko au ya mfululizo. Ya mzunguko inarudisha damu karibu kila mwezi, ya mfululizo inaweza kuleta matone miezi ya mwanzo kisha inakauka, na hii ndiyo wanapewa wengi waliomaliza mwaka bila hedhi. Projesteroni ya kumeza inaleta usingizi kwa hivyo huliwa usiku, haigombani na funga.

Asiyefaa homoni asikate tamaa, kuna dawa mpya za joto zisizo homoni, kama fezolinetanti ya Astellas ya Japani iliyokubaliwa Marekani Mei 2023, ila ini lipimwe. Muulize daktari wako.

Rudi kwa daktari baada ya miezi mitatu hata kama uko sawa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, mdomo ukipinda, hiyo sio ya kungoja asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na damu ikitoka baada ya kuwa imekauka, hata tone, nenda, na uibebe ile dawa na boksi lake.