Ukuta wa kuzuia udongo: kupunguza shilingi na kaboni kwa pamoja

Juzi nilikaa na mhandisi chipukizi aliyekuwa na ploti ya mteremko Loresho, Nairobi, na ukuta wa zege wa kimo cha mita 3. Alitaka kupunguza kaboni, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka vifaa vya ujenzi vinapotengenezwa, bila kumwongezea mwenye nyumba gharama. Tulifuata njia hii.

Hatua ya 1: Ujue udongo. Chimba, peleka sampuli maabara. Udongo mwekundu wa Loresho si ule mweusi wa Embakasi unaovimba ukilowa.

Hatua ya 2: Shughulikia maji kabla ya zege. Hapa nilipoteza siku mbili nzima katika ukuta wangu wa kwanza. Kila nikipiga hesabu ukuta unapinduka, nami naongeza nondo na unene. Kumbe nilikuwa nalipia maji kwa simiti.

Tazama. Udongo wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano (kipimo cha jinsi chembe za udongo zinavyoshikana zisiteleze) digrii 30. Ukiwa mkavu, unasukuma ukuta wa mita 3 kwa kilonyutoni 27 kwa kila mita ya urefu. Maji yakijaa hadi juu, udongo uliozama unasukuma kama 15, na maji yenyewe 44. Jumla 59, zaidi ya maradufu.

Kwa hivyo jaza kokoto safi nyuma ya ukuta, upana wa sentimita 30 hivi. Laza bomba lenye matundu chini kabisa, na upitishe vipande vya bomba ukutani kila mita moja na nusu. Kokoto zifunikwe kwa kitambaa cha kuchuja. Ukikiacha, tope litaziba kila kitu baada ya masika chache. Usirudishe udongo mweusi nyuma ya ukuta hata kama uko bure. Fundi akishamwaga zege, pitisha fimbo katika kila tundu, maana mengi huzibwa siku hiyohiyo. Na kama bomba halina pa kumwaga, sanifu kwa hesabu ya 59, usijidanganye.

Hatua ya 3: Umbo. Upana wa msingi anza na 0.6 ya kimo. Shina, yaani sehemu iliyosimama, liwe na unene wa milimita 300 chini na 200 juu, mteremko uwe upande wa nyuma. Kwa ukuta wa urefu wa mita 40 unaokoa mita 6 za ujazo za zege kuliko shina la milimita 300 kote, na hapo shilingi na kaboni hushuka pamoja.

Hatua ya 4: Lahajedwali. Mimi siamini programu inayotoa jibu bila kuonyesha hesabu. Zege, nondo, mbao za fomu na uchimbaji, kila kimoja na bei ya wiki hii na kilo zake za kaboni. Kilo moja ya klinka, ile malighafi iliyochomwa inayosagwa kuwa simiti, hutoa takriban kilo 0.85 za kaboni, na zaidi ya nusu hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, wala si kwenye moto. Nondo muulize muuzaji zimetoka wapi: za chuma chakavu kilichoyeyushwa kwa umeme zina kaboni kidogo mno kuliko za madini ya chuma yaliyochimbwa.

Hatua ya 5: Shilingi na kaboni zinapoachana. Gawanya shilingi za ziada kwa kilo za kaboni ulizookoa, kisha mpe mwenye nyumba namba hiyo aamue. Sisi tulichagua simiti ya pozolana, ambayo sehemu ya klinka hubadilishwa kwa unga kama majivu ya volkano. Hukomaa polepole, basi vunja vipande vya majaribio vya zege siku ya 28 na ya 56, na usirudishe udongo kabla majibu hayajafika.