Kuhamisha moduli ya C kutoka Python 3.9 kwenda 3.12

Hapa Mtwara ninatunza moduli ndogo, mizani.c, inayopokea data kutoka kwenye mizani ya ghala la korosho, inaondoa uzito wa gunia tupu, kisha inairudishia Python uzito halisi. Kompyuta mpya ilikuja na Python 3.12. Faili la .so (moduli iliyokwisha kujengwa) lenye cpython-39 kwenye jina lake halisomwi na toleo hilo, kwa hiyo ni kujenga upya.

Hatua ya 1: Kabla hujagusa msimbo, pitisha vipimo hamsini hivi kwenye moduli ya zamani na uhifadhi majibu. Usiiruke.

Hatua ya 2: Kwenye setup.py (faili la maelekezo ya kujenga), distutils, zana ya zamani ya kujengea moduli, imeondolewa kabisa katika 3.12. Andika `from setuptools import setup, Extension`. Venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) ya 3.12 haiji na setuptools. Isakinishe kwa pip.

Hatua ya 3: Jenga, kisha rekebisha makosa kuanzia la juu. `Py_TYPE(x) = ...` imekataliwa tangu 3.11, tumia `Py_SET_TYPE`. `PyUnicode_AS_UNICODE` haipo tena. Mimi niliweka `PyUnicode_AsUTF8`. Haya ni mepesi, maana kompaila inakuonyesha mstari wenyewe.

Hatua ya 4: Hapa nenda polepole. Nilikuwa na mstari huu:

`PyArg_ParseTuple(args, "iy#", &gunia, &data, &urefu)`

Tangu 3.10, alama ya #, inayoomba urefu wa data, inadai uandike `#define PY_SSIZE_T_CLEAN` juu ya `#include <Python.h>`, la sivyo unapata SystemError programu ikiwa inaendeshwa. Nikaiweka, ikajenga bila onyo lolote. Lakini `urefu` niliuacha ukiwa `int`, wenye baiti 4, na sasa Python inaandika pale `Py_ssize_t` ya baiti 8. Baiti 4 za ziada, zote sifuri, zikamwagikia jirani yake, `gunia`. Gunia tupu likawa na uzito wa sifuri, na kila kipimo kikatoka na kilo 1 ya ziada. Kilo moja kwa kila gunia, msimu mzima wa mnada! Ni majibu ya hatua ya 1 yaliyonistua, kompaila ilinyamaza kimya.

Kwa hiyo tafuta kila # ndani ya faili, na kila urefu unaoambatana nayo utangaze hivi: `Py_ssize_t urefu;`

Hatua ya 5: Pitisha vipimo vilevile upya, ulinganishe na vya zamani. Ikitofautiana hata gramu 1, usiipeleke ghalani.