Kulinganisha majeshi ya kale: anza na chakula, si idadi ya vichwa

Mabishano ya nani angempiga nani, Roma au Misri, Karthago (dola ya Afrika Kaskazini) au Uajemi, hayaishi mabarazani. Pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, Unguja, watu humaliza kahawa kikombe baada ya kikombe bila kutaja hata mwaka mmoja, na hapo ndipo hoja zinapoharibika.

Kwa hiyo kwanza andika mwaka. Roma ya 216 KK ni jeshi la raia wenye mashamba walioitwa vitani; Roma ya 100 BK ina askari wa mshahara katika legioni (vikosi vya askari kama 5,000 kila kimoja) zinazokaribia 30. Hayo ni majeshi mawili. Ramses II, mfalme wa Misri, na Augustus, kaisari wa Roma, wametengana kwa karibu miaka 1,200, na kuwapambanisha ni kupambanisha silaha za zama mbili. Unguja tunalijua hilo: tarehe 27 Agosti 1896 Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, alikuwa na watu wapatao 2,800, lakini meli za Kiingereza zilimaliza vita kwa muda usiofika saa moja.

Pili, pima kila idadi kwa chakula. Hatua hii usiiruke. Askari wa Kirumi alipewa karibu kilo moja ya ngano kwa siku. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anampa Xerxes, mfalme wa Uajemi, askari wa miguu 1,700,000. Kwa kilo moja kila mtu, hizo ni tani 1,700 kwa siku, yaani mapolo 34,000 ya kilo 50, kabla hujalisha farasi hata mmoja. Jeshi la watu 40,000 linataka mapolo 800 kwa siku, na hilo linawezekana likifuata pwani au mto wenye vyombo. Bara ni kazi nyingine, kwa sababu punda anayebeba chakula naye anakula. Idadi isiyolishika ikate, au iandike kama madai tu.

Tatu, tazama akiba ya watu. Cannae, Italia, 216 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago, akiwa na watu kama 50,000 aliliangamiza jeshi la Roma kubwa kuliko lake. Wanahistoria wa kale hawakubaliani: Polybius anasema Warumi waliouawa ni 70,000 hivi, Livy anasema 48,000 hivi. Andika zote mbili, usichague inayokupendeza. Lakini Polybius huyo huyo anaeleza kuwa mwaka 225 KK Roma na washirika wake walihesabu zaidi ya watu 700,000 wa miguu wanaoweza kubeba silaha. Roma iliziba pengo, Karthago iliyotegemea sana askari wa kukodi haikuweza, na 202 KK Hannibal akashindwa Zama, Afrika Kaskazini. Weka safu mbili kwenye karatasi yako: kushinda pigano, na kushinda vita.

Ushahidi wa upande mmoja nao una mtego wake. Kuta za mahekalu ya Misri zinamtukuza Ramses kwa vita vya Kadesh, mji wa Shamu, kama 1274 KK. Uliza swali moja tu: baada ya vita, mji ulibaki kwa nani? Ulibaki kwa Wahiti, maadui zake kutoka Uturuki ya leo.

Wengi hukosea mwisho, wanapojumlisha alama za manowari, farasi na ngome kupata namba moja. Alama ya manowari haina kazi jangwani. Carrhae, 53 KK, Crassus, jemadari wa Roma, alikuwa na watu wapatao 40,000, na Surena, jemadari wa Parthia (dola iliyotawala Uajemi wakati huo), wapanda farasi kama 10,000. Warumi walijifunika ngao wakingoja mishale iishe. Haikuisha, kwa kuwa Surena alileta ngamia waliobeba mishale ya akiba, na wapiga upinde walikwenda kujaza upya na kurudi. Kwa jumla ya alama Roma ingeshinda kirahisi.

Badala ya kujumlisha, fanya ulinganisho mara mbili: kwanza kwenye ardhi ya huyu, kisha kwenye ardhi ya yule. Mshindi akibadilika, hukumu iandike pamoja na mahali pake. Ongeza swali la kushikilia ulichoteka: Trajan, kaisari wa Roma, aliuteka Ctesiphon, mji mkuu wa Parthia, mwaka 116 BK, na mwaka uliofuata Hadrian, kaisari aliyemrithi, akaziachia nchi hizo za mashariki.